Somo: Teliwipu kwenye BMX, kuanzia chini hadi kwenye rampu

Teliwipu ni pale fremu inapozunguka digrii 360 kwenye shingo ya usukani huku wewe ukiwa hewani, mikono haijaachia. Mwili haugeuki wala tairi la mbele halibadili mwelekeo. Kinachokwenda na kurudi ni fremu, kiti, krenki (mikono inayoshika pedali) na gurudumu la nyuma, na kazi yako ni kuzipisha zipite kisha kuzipokea kwa miguu.

Wengi wanaokwama wanaamini siri iko kwenye teke. Teke linaanzisha tu. Fremu huenda au hugoma kwa sababu ya mikono: usukani ukibaki wima na karibu na kiuno, hata msukumo mdogo unatosha. Usukani ukilala upande au ukienda mbali na mwili, hata ukipiga kama unapiga penalti, fremu bado itaishia nusu.

Usianze kabla hujaweza mambo matatu bila kufikiria: kuruka boksi (rampu ya kurukia yenye mteremko wa kutua upande wa pili) na kutua kwenye mteremko kwa matairi yote mawili, banihopu (kuruka na baiskeli kutoka chini bila rampu) inayofika usawa wa goti, na kutoa miguu yote miwili kwenye pedali hewani na kuirudisha. Hilo la tatu ndilo watu hulipuuza, halafu wanashangaa kwa nini miguu haijui pa kurudi.

Baiskeli kwanza

Beringi za shingo zizunguke laini bila kucheza. Inua tairi la mbele, lalisha baiskeli kidogo upande mmoja: usukani uanguke wenyewe. Ukisita mahali, umekaza mno au beringi zimekufa. Kisha weka kidole kwenye maungio ya foki na fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mtikisiko, kuna nafasi. Kurekebisha: legeza bolti za pembeni za stemu (kipande kinachoshika usukani), kaza bolti ya juu kidogo kidogo hadi mtikisiko uishe, nyoosha usukani na tairi, ndipo ukaze za pembeni kwa zamu. Kuikaza ya juu wakati za pembeni zimebana hakusaidii kitu.

Waya wa breki ya nyuma utajisokota kwenye shingo. Weka jairo (kifaa cha shingoni kinachoacha usukani uzunguke bila kusokota waya wa breki), au waya mrefu unaoruhusu mzunguko mmoja, au ondoa breki. Lakini kama hujazoea kuendesha bila breki, zoea kwanza siku nyingine. Usijifunze mawili kwa mpigo.

Krenki zibaki palepale fremu inapozunguka. Ning'iniza gurudumu la nyuma, lizungushe kwa nguvu uelekeo wa mbele, na uangalie krenki. Zikivutwa na kuanza kuzunguka zenyewe, cheni imekaza kupita kiasi au grisi ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ni nzito. Cheni icheze juu na chini kama sentimita 1 katikati.

Kiti kiwe chini. Tumia pedali za plastiki, kwa sababu meno ya chuma yatakuchana ugoko katika siku za kukosea, na siku hizo ni nyingi. Hakikisha ncha zote mbili za usukani zina vizibo. Bomba lililo wazi hukata nyama. Helmeti inayofunika kidevu, kinga za magoti, za ugoko, na za vifundo vya miguu. Kifundo ndicho krenki inapenda kukigonga, upande wa ndani.

Chagua upande

Egemeza tairi la mbele ukutani, simama juu ya pedali, ruka kidogo na usukume fremu kulia, kisha jaribu kushoto. Upande mmoja utakuja wenyewe. Ubaki nao. Kupiga upande wa pili ni ustadi mwingine wa baadaye. Hapa tunaeleza fremu inayotoka kulia. Wa kushoto ageuze maneno.

Hatua ya 1: chini, bila kuendesha

Simama upande wa kushoto wa baiskeli, mikono yote miwili kwenye usukani, ukiangalia mbele. Acha tairi la mbele liguse chini, nyanyua nyuma kwa kusukuma usukani mbele kidogo, kisha irushe fremu itoke kulia, ipite mbele yako, irudi kutoka kushoto. Inapokuja, ruka na uipokee kwa nyayo.

Ona mikono inavyofanya: usukani unachora duara dogo, upana wa kiganja hivi, na fremu inaufuata. Mikono ikikauka, fremu inakwama. Rudia hadi duara hilo lije bila kulifikiria.

Angalia pia pedali ipi inafika kwanza. Fremu iliyotoka kulia inarudi kutoka kushoto, na upande wake wa kulia ndio unaotangulia. Kwa hiyo mguu wa kulia ndio unaopokea kwanza, na ndio unaoisimamisha fremu. Ukianza na wa kushoto, fremu itakupita.

Hatua ya 2: shimo la sponji

Ruka kama kawaida juu ya shimo lililojaa vipande vya sponji, piga mzunguko, usijali miguu. Lengo ni fremu ikamilishe duara huku usukani ukiwa wima. Ikishakamilika mara nyingi mfululizo, anza kupokea kwa mguu wa kulia peke yake, kisha yote miwili. Tahadhari: sponji husamehe kila kitu, hata kuruka ukiwa umelala nyuma. Ukitua humo kwa mgongo, hiyo bado si teliwipu.

Hatua ya 3: boksi

Chagua boksi unayoivuka kwa urahisi na unayopata urefu. Ukipanda mita 1 juu ya mdomo wa rampu (ukingo wake wa juu), una kama sekunde 0.9 hadi urudi usawa uleule. Ukipanda nusu mita, unabaki na sekunde 0.6 tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo nafasi ya mguu wa pili kupata pedali.

Ingia umenyooka, krenki zikiwa sambamba na ardhi. Pandisha rampu bila kuegemea upande. Kwenye mdomo, vuta usukani kuelekea kiunoni kama mruko wa kawaida, na usubiri. Subiri hadi gurudumu la nyuma liachie mdomo. Hapa ndipo somo zima linapoharibika: anayepiga mapema anajinyima urefu, na fremu inatoka ikiwa imeinama kwa sababu gurudumu bado linagusa rampu.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Mguu wa kulia unatoka kwanza na kupanda juu ili fremu ipite chini yake. Wa kushoto unaisukuma fremu kwenda kulia, kwa ubavu wa ndani wa kiatu, ukitelezesha. Usikanyage pedali kwenda chini: ukikanyaga, krenki zinazunguka na pedali hazitakuwa ulipoziacha. Kunja magoti yaje kifuani. Viwiko vikunjwe, usukani ubaki karibu na mwili, duara dogo la hatua ya 1 lifanyike.

Macho yashuke kiti kinapotokea kushoto. Kikionekana, shusha mguu wa kulia, halafu wa kushoto, kisha inua macho utazame mteremko wa kutua. Kaza mikono wakati fremu inasimama, maana kasi yake hujaribu kuupindua usukani.

Ukiona haiji

Amua mapema. Sukuma baiskeli mbali na mwili, teremka kwa miguu, kisha telezea magotini kwenye kinga. Usinyooshe mikono chini kuzuia anguko. Viganja na vifundo vya mikono ndivyo vinavyolipa. Ukiwa umepata mguu mmoja tu, usiachie usukani: tua kwa mguu huo ukiwa umekunja goti, wa pili uache uning'inie mbali na gurudumu.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi napiga kwa nguvu zote lakini fremu inafika robo tatu na kusimama. Headseti (beringi za shingo) nimeshaikagua, iko safi. Tatizo nini?

Jibu: Nguvu zote ndizo tatizo. Anayepiga sana hunyoosha mikono ili kujisawazisha, usukani unakwenda mbele na kulala upande wa fremu. Fremu sasa inatakiwa kupanda mlima ili imalizie robo ya mwisho, na haina kasi ya kupandia. Piga nusu ya nguvu hiyo, weka akili yote kwenye kuvuta usukani kiunoni. Mwombe mtu akurekodi video kutoka nyuma: shingo ya fremu ikionekana imeinama ilhali fremu iko mbele yako, jibu umelipata.

Swali: Kwetu hakuna shimo la sponji. Nitumie godoro?

Jibu: Godoro kwenye mteremko wa kutua ni hatari kuliko kukosa kabisa, siku utakayotua vizuri, tairi la mbele litazama na utarushwa. Kama lazima, tumia rampu inayokutoa juu kwenye uwanja wa nyasi, magodoro yafungwe pamoja yasiachane, na uyatumie kwa kurusha fremu tu, bila nia ya kuendesha mbele. Hatua ya 1 iongezee muda. Wengi wameijua bila sponji, ila walifanya chini sana kabla ya kwenda juu.

Swali: Kwa habu ya nyuma, nichukue aina ya frikosta au kaseti kwa ajili ya teliwipu? Krenki zangu zinazunguka hewani kila mara.

Jibu: Zote zinafanya. Kaseti ina vikucha vinavyokokota krenki kidogo gurudumu linapozunguka. Frikosta mara nyingi hukokota kidogo kuliko kaseti. Lakini kabla hujatoa pesa, fanya jaribio la kuning'iniza gurudumu. Zikitulia hapo, mkosaji ni mguu wako wa kushoto unaokanyaga badala ya kusukuma.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama: Angalieni pia beringi za krenki. Zikiwa huru sana, mguso mdogo tu unazungusha. Kuzikaza kidogo, bado zizunguke laini, kunasaidia pedali zikae.

Swali: Nimefunga jairo, sasa breki inakamata upande mmoja usukani ukigeuka. Niivumilie?

Jibu: Hapana. Sahani ya jairo imeinama: waya mmoja kati ya ile miwili ya juu, au ya chini, umevutwa zaidi ya mwenzake. Sawazisha kwa skrubu za waya hadi sahani ilale sambamba na beringi ya shingo, kisha zungusha usukani duara zima ukibonyeza breki. Ikibana sawa kila mahali, umemaliza.

Swali: Baiskeli yangu ni ya milimani ya kuruka, magurudumu ya inchi 26, breki ya mafuta nyuma. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana. Nyuma ni ndefu na nzito kuliko BMX ya inchi 20, kwa hiyo fremu huzunguka polepole na unahitaji urefu zaidi. Mpira wa breki uwe mrefu wa kutosha kuzunguka shingo mara moja bila kuvutika, na uurudishe kila baada ya mruko. Ukipiga mbili upande uleule bila kuurudisha, utaung'oa.

Swali: Naweza kuanza na ya banihopu, maana rampu iko mbali?

Jibu: Unaweza kuirusha, kuimaliza ni shughuli nyingine. Banihopu haikupi muda, kwa hiyo kila kosa dogo la mikono linaonekana. Kama huna rampu, fanya hivi: banihopu, fremu itoke, iache itue popote, wewe utue kwa miguu ukiwa umeshika usukani. Fremu ikianza kukamilisha duara kabla hujagusa chini, anza kuweka mguu wa kulia.

Swali: Natua vizuri, ila tairi la mbele linatangulia sana na nusura nipitilize juu ya usukani.

Jibu: Macho yako yanabaki kwenye pedali. Kichwa kikiinama, mabega yanafuata na usukani unashuka. Mguu wa kulia ukigusa pedali tu, inua kidevu. Wa kushoto utajitafutia wenyewe.