Somo: Kukadiria umri wa nguo ya zamani kwa katalogi za Sears, Montgomery Ward na Eaton's

Katika marobota ya mitumba yanayotoka Marekani na Kanada huchomoza mara moja moja koti, gauni au suruali ya kazi yenye mshono wa kizamani, na aliyeipata hutaka kujua ni ya miaka gani kabla ya kuipangia bei. Katalogi za maduka yaliyouza kwa njia ya posta husaidia sana, mradi zisomwe kwa mpangilio. Ukurasa mmoja unaofanana na nguo yako hauthibitishi mwaka iliyoshonwa. Unathibitisha tu kwamba mwaka huo nguo ya namna ile ilikuwa sokoni.

Hatua ya kwanza: fahamu duka lilitoa katalogi kuanzia lini hadi lini. Montgomery Ward ya Chicago ilianza mwaka 1872 kwa karatasi moja ya bei, ikaacha katalogi mwaka 1985. Sears, Roebuck, nayo ya Chicago, ilianza kwa saa na vito mwishoni mwa miaka ya 1880, ikageuka duka la kila kitu katika muongo uliofuata, na katalogi yake kuu ikakoma mwaka 1993. Eaton's ya Toronto ilitoa zake tangu 1884 hadi 1976. Wengi hujikwaa kwa J. C. Penney, ambayo mwanzilishi wake alifungua duka mwaka 1902 lakini katalogi yake ikaja mwaka 1963. Kwa hiyo shati la Towncraft, jina la nguo za Penney, la miaka ya 1950 usilitafute katika katalogi za Penney, kwa kuwa hazikuwapo.

Hatua ya pili: soma lebo kabla ya kutazama picha yoyote. Maduka haya yaliuza nguo kwa majina yao wenyewe, na jina hilo ndilo linalokuambia ufungue katalogi ya nani. Hercules ilikuwa nguo ya kazi ya Sears. Big Mac ilikuwa ya Penney. Toughskins, jinzi za watoto, ni za Sears tangu mwaka 1971, hivyo hakuna haja ya kupekua matoleo ya kabla ya hapo.

Hatua ya tatu: tumia sheria za Marekani kuweka mipaka. Tangu mwaka 1960 lebo ilitakiwa kutaja nyuzi na asilimia zake, na tangu 1972 nguo ilitakiwa kuwa na lebo ya kudumu yenye maelekezo ya kufua. Ukiona maelekezo hayo yameshonewa ndani, pa kuanzia ni miaka ya 1970. Kutokuwapo kwake, hata hivyo, si ushahidi, maana lebo hukatwa kwa sababu inawasha shingoni.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha kazi: soma maandishi ya katalogi, usiishie kwenye mchoro. Wachoraji walirefusha miili na kubana viuno ili nguo ipendeze, na mchoro uleule uliweza kurudiwa toleo baada ya toleo. Maelezo yaliyo chini yake hayakuwa na anasa hiyo, kwa sababu mkulima aliyekuwa mbali na mji aliagiza bila kugusa kitambaa, na nguo isiyolingana na maelezo ingerudishwa kwa gharama ya duka. Kwa hiyo humo utakuta aina ya kitambaa, idadi ya vifungo, bitana, rangi na saizi. Linganisha kimoja kimoja na nguo iliyo mkononi mwako.

Hatua ya tano: tafuta toleo la kwanza na la mwisho lenye nguo hiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 Sears ilitoa katalogi kuu mara mbili kwa mwaka, ya majira ya kuchipua na kiangazi, kisha ya vuli na baridi. Rudi nyuma toleo kwa toleo hadi nguo isionekane, kisha nenda mbele vivyo hivyo. Gauni la mtindo huenda likadumu msimu mmoja. Ovaroli hudumu miaka mingi bila kubadilika, na kwa ovaroli mimi hutosheka na muongo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Lebo yangu ina herufi RN na namba. Je, namba hiyo inatoa mwaka?*

Marahaba. Hapana, inatambulisha kampuni iliyosajiliwa, na kampuni huitumia namba ileile kwa miongo mingi. Itumie kujua kampuni iliyoitoa nguo, kisha urudi hatua ya kwanza.

*Nina gauni lenye sketi fupi, nyembamba, lisilo na marinda wala pindo pana. Naweza kusema ni la wakati wa vita?*

Inawezekana. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilitoa amri iliyojulikana kama L-85, iliyowekea mipaka urefu na upana wa sketi ili kuokoa kitambaa, na katalogi za miaka iliyofuata zinaonyesha ubanaji huo. Lakini mafundi wengi wamepunguza magauni baadaye. Chunguza kama mishono ya pembeni ina matundu ya sindano ya zamani kabla ya kuamua.

*Je, bei iliyo katika katalogi inanisaidia kujua thamani ya sasa?*

Haisaidii. Inasaidia kujua daraja la nguo: linganisha bei yake na ya shati la kazi katika toleo hilohilo. Sears mara nyingi iliuza kitu kimoja kwa viwango vitatu vya ubora, na koti la kiwango cha juu hutambulika pia kwa bitana.

*Mimi niko Mwanza. Katalogi zenyewe nazipata wapi?*

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina matoleo kadhaa ya kusoma bure, na maktaba ya taifa ya Kanada imeweka za Eaton's mtandaoni. Ukiuziwa nakala ya Sears ya 1897 au 1902, angalia kwanza kama ina dibaji ya mhariri, kwa kuwa matoleo hayo yamechapishwa upya.