Jinsi ya kupanga mafaili ya tasnifu kabla ya kuomba kutahiniwa

Kwa kawaida chuo hupokea tasnifu ikiwa PDF moja, lakini nyuma yake kuna sura, picha, majedwali na viambatisho vilivyotapakaa kwenye kompyuta. Kabla hujapanga chochote, soma mwongozo wa uwasilishaji wa chuo chako, hasa kipengele cha jina la faili na aina ya PDF. Ukikuta PDF/A, fahamu kuwa ni kiwango cha kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, nacho hutaka fonti zote ziwemo ndani ya faili lenyewe.

Fungua folda moja ya tasnifu. Ndani yake ziwemo folda za sura, picha, data, marejeleo na maoni ya msimamizi. Hizo zinatosha.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Andika 01-utangulizi, 02-mapitio, mpaka 10-hitimisho. Usiidharau hiyo sifuri, kwani programu zinazopanga majina herufi kwa herufi huitanguliza 10 mbele ya 2. Tumia herufi ndogo, kistari badala ya nafasi, na tarehe ianze na mwaka: 2025-03-14. Jina kama "sura3-mpya-mwisho-kabisa" halimsaidii mtu, hata aliyelitunga.

Kwa anayetumia LaTeX, yaani mfumo wa kuandaa nyaraka kwa amri zinazoandikwa ndani ya maandishi, faili kuu liite kila sura kwa amri ya \include. Ukiongeza \includeonly utatoa PDF ya sura unayoishughulikia peke yake, na namba za kurasa zitabaki kama zilivyokuwa ulipotoa PDF ya tasnifu nzima mara ya mwisho. Ila \include huanzisha ukurasa mpya na haikubali kuwekwa ndani ya \include nyingine. Jedwali au kipande kifupi kiite kwa \input. Wa Word atumie kiolezo kimoja kwa sura zote, aziunganishe mwishoni, kisha abonyeze Ctrl+A na F9 ili orodha ya yaliyomo isasishwe.

Nakala ziwe tatu, moja ikae mbali na kompyuta yako.

Siku ya kuomba, fungua folda mpya yenye tarehe. Weka humo PDF, fomu iliyosainiwa na kila kiambatisho ulichotuma, kisha usiiguse tena. Masahihisho yafanyie kwenye nakala nyingine, maana watahini watataja kurasa za toleo walilolisoma, nawe utalihitaji lilivyokuwa.