Mkataba Umeisha, Kadi Bado ya Tajiri: Namna ya Kuomba Pikipiki Iingie Jina Lako

Kijiweni kwetu Nyegezi, Mwanza, jirani na stendi ya mabasi, siku ya hesabu ya mwisho ni sikukuu ndogo. Kijana aliyekuwa akimpelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, fedha za hesabu kila jioni kwa mkataba kwamba akimaliza chombo kiwe chake, ananunua kreti ya soda, anafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pikipiki, na kuanzia hapo wenzake wanamwita bosi. Tajiri naye anamkabidhi kadi ya usajili, wanapeana mikono, basi. Asubuhi yake kijana yuko barabarani akiamini chombo ni chake.

Kadi aliyokabidhiwa ina jina la tajiri. Kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa trafiki, kwa kampuni ya bima na hata mbele ya hakimu, anayeanza kuhesabika kuwa mwenye pikipiki ni yule anayesomeka pale. Nimekuwa katibu wa kijiwe kwa miaka sita, na hili ndilo ninalolipigia kelele kuliko mengine yote: usihesabu kwamba umemaliza mkataba mpaka kadi isome jina lako.

Mwenzetu mmoja alimaliza mkataba vizuri kabisa. Miezi minne baadaye tajiri wake akafariki. Watoto wa marehemu walipofungua kabati wakakuta nakala ya kadi, wakaja kijiweni kuifuata pikipiki ya baba yao. Kijana hakuwa na karatasi hata moja. Mkataba ulilowa mvua za masika ukachanika mfukoni, na hesabu alikuwa akilipa mkononi. Pikipiki ikaondoka mbele ya macho yetu, na kazi yote ya kuamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa mabasi ikaondoka nayo. Siwalaumu wale watoto. Karatasi ilikuwa upande wao. Tangu siku ile kila anayekaribia kumaliza ninamketisha chini na kumpitisha kwenye hatua hizi.

Anza na ushahidi wa malipo

Hatua hii inafanyika wakati mkataba bado unaendelea, tangu wiki ya kwanza kama inawezekana. Lipa hesabu kwa simu badala ya mkononi. Ujumbe wa muamala una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya namna hiyo kuwa ushahidi. Usifute ujumbe hata mmoja. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu.

Kama tajiri anataka fedha mkononi, nunua daftari la mistari. Kila siku tarehe, kiasi, sahihi yake na yako. Siku pikipiki imelala gereji au umeugua, andika pia, maana ugomvi mwingi mwishoni hutokana na siku zisizo na hesabu: wewe unasema mlikubaliana zisamehewe, yeye anasema zinasogezwa mbele. Ukimpa chombo deiwaka, yaani dereva wa kukushikia kwa siku, hesabu ya siku hiyo bado iandikwe kwa jina lako.

Mkataba wenyewe upige picha, picha uitume kwa ndugu unayemwamini, na karatasi iache nyumbani kwenye nailoni. Mfuko wa suruali ya bodaboda si mahali pa kutunzia kitu cha thamani.

Muombe tajiri siku moja

Hapa wengi hukwama kwa aibu. Wanaona kumwambia mzee wa watu "twende TRA" ni kama kumwambia hawamwamini. Mwambie mapema, kwa heshima, wiki mbili kabla ya hesabu ya mwisho: "Shikamoo mzee. Hesabu yetu inaisha mwisho wa mwezi huu, namshukuru Mungu na wewe. Naomba unipangie siku moja twende kwa wakili tuandikiane, halafu tupite TRA kadi ibadilishwe. Gharama nitabeba mimi." Tajiri mwenye nia njema hafurahii kubaki na jina lake kwenye pikipiki asiyoiona. Ikigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Mkumbushe hilo kwa upole. Mara nyingi ndilo linalomnyanyua kwenye kiti.

Matajiri wengine wako ng'ambo ya ziwa, Sengerema, Geita au Ukerewe. Wa Sengerema na Geita siku hizi hana kisingizio cha foleni ya kivuko, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kwa wa Ukerewe panda meli ya Nansio mwenyewe, uende na mkataba ulioandikwa tayari. Hiyo nauli usiionee uchungu.

Hakiki namba na madeni

Osha pikipiki. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani, na hapo ndipo tope la Buhongwa na grisi hukaa. Futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, weka karatasi juu yake, sugua kwa penseli mpaka namba zijichore. Kisha tafuta namba iliyo kwenye injini. Zilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Kama pikipiki iliwahi kubadilishwa injini na kadi haikurekebishwa, ni afadhali ujue leo mbele ya tajiri anayejua ile injini ilitoka wapi, kuliko ujue mbele ya askari.

Halafu ingiza namba ya usajili, ile inayoanza na MC, kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia faini, tms.tpf.go.tz. Faini hufuata chombo. Kwa pikipiki na bajaji adhabu ya kosa moja ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini makosa saba ya kubeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) au kukosa kofia ngumu ni 70,000, na mengine huenda aliyafanya dereva aliyekutangulia. Mkubaliane nani analipa lipi kabla ya kusaini.

Kwa wakili

Mkataba mliouandika mwanzoni ulikuwa wa kukabidhiana pikipiki kwa hesabu. Sasa mnahitaji karatasi nyingine, mkataba wa mauziano, unaosema fulani amemuuzia fulani pikipiki yenye namba hizi kwa bei hii, na bei imelipwa yote. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri na mhuri wake una heshima yake, ila karatasi ya kupeleka TRA ipitie kwa wakili, aweke sahihi na mhuri. Bei ya huduma muulize kabla hamjakaa.

Andikeni bei ya kweli. Kuna watu watawashauri muandike ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya bei. Kwenye pikipiki ya milioni mbili hiyo ni shilingi 20,000. Kwa kuokoa sehemu ya fedha hizo utakuwa umeweka sahihi kwenye uongo, na siku ukiibiwa au ukidai fidia karatasi yako mwenyewe itasema chombo chako hakikuwa na thamani.

Chapeni nakala tatu: yako, ya tajiri, na ya TRA.

TRA

Kila mmoja, muuzaji na mnunuzi, awe na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kama huna, inaombwa bure kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20. Asikutoze mtu fedha kwa ajili ya TIN, hata akiwa amevaa shati la kuchomekea na amesimama mlangoni pa ofisi. Hao ni vishoka.

Beba kadi halisi, mkataba wa mauziano, nakala za vitambulisho vyenu wote wawili, picha ndogo za pasipoti za wote wawili, na TIN zenu. Maombi ya kuhamisha umiliki yanaingizwa kwenye mfumo wa TRA. Kama hujazoea mitandao, nenda ofisini wakuelekeze, na nenda na tajiri mwenyewe. Akiwepo, swali lolote kuhusu muuzaji linajibiwa hapo hapo. Asipokuwepo, utarudi na kurudi, na kila safari ni nusu siku bila abiria.

Utapewa bili yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Ndani yake mna kodi ya kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu na ada ya kadi mpya. Viwango huguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kila Julai, kwa hiyo bei aliyolipa rafiki yako mwaka juzi usiifanye kipimo, fuata bili. Lipa benki au kwa simu kwa namba hiyo tu. Fedha ya mkononi kwa mtu yeyote haiingii serikalini.

Kama pikipiki ilitoka kwa kampuni ya mkopo au ilinunuliwa kupitia kikundi, angalia kadi vizuri. Huwa ina sehemu ya mmiliki na sehemu ya mwenye hati, na jina la mkopeshaji likiwa hapo utahitaji kwanza barua yake ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha. Iombe siku ile ile unayolipa rejesho la mwisho.

Kadi ikitoka, isome ukiwa bado dirishani. Jina lifanane na la NIDA. Ng'wana na Mwana si jina moja kwa mashine, nasi Wasukuma tunaumia sana hapo. Kosa la herufi hurekebishwa kirahisi kabla hujaondoka.

Tajiri akifariki, au akigoma

Akifariki kabla ya kuhamisha, mke wake hawezi kukusainia, wala mtoto mkubwa, hata wakiwa na huruma na wewe. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nenda msibani kama mtu wa nyumbani, subiri arobaini ipite, halafu waulize kwa staha nani atasimamia mirathi. Maombi mara nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, mpe nakala ya mkataba na daftari lako ili pikipiki isiorodheshwe kama mali ya kugawana, kisha mkamilishe uhamisho naye.

Akigoma akiwa hai, kuna jambo moja nakusihi: usiifiche pikipiki. Kadi ina jina lake. Akienda kituoni kusema imeibwa, atapewa RB, namba ya taarifa ya polisi, na wewe ndiye utakayetafutwa. Endelea kuonekana kijiweni. Mwandikie barua ukimtaka atimize mkataba, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa uongozi wa kijiwe. Ofisi ya mtaa ikishindwa kuwapatanisha, hili ni shauri la madai na Mahakama ya Mwanzo inalipokea. Unaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, daftari mkononi. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako, Jiji kama uko Nyamagana, Manispaa kama uko Ilemela.

Bima na LATRA

Bima ya zamani ilikatwa kwa jina la tajiri. Usisubiri iishe muda wake ndipo ubadilishe jina. Mwone wakala wako na kadi mpya, hata kama ni bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Kisha ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, tiramis.tira.go.tz, uandike namba ya pikipiki uone kama stika inasomeka. Stika isiyosomeka huko ni karatasi ya kubandika tu, na abiria wako akivunjika mguu pale Mkuyuni hakuna atakayelipa ila wewe.

Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo iombe upya kwa jina lako, kupitia mfumo wa RRIMS au kwa msaada wa ofisi yao. Watahitaji kadi, bima hai, TIN, na leseni yako ya udereva yenye daraja la pikipiki. Inadumu mwaka mmoja, hivyo andika tarehe ya kuisha nyuma ya lile daftari la hesabu.

Nakala ya kadi mpya mpelekee katibu wa kijiwe. Mimi za wenzangu nimezipanga kwenye faili moja, nyumbani, mbali na mvua.