Nyumba mpya ya mradi: fuata maji kwanza, bei baadaye

Ukienda kutazama nyumba mpya kwenye mradi, iwe Kigamboni, Bunju, Madale au Kibaha, ndani na pembezoni mwa Dar es Salaam, watakuanzishia nyumba ya mfano. Rangi inang'aa, makabati ya jikoni yamepangwa, dari la jipsamu lina taa za urembo. Itazame, ufurahi, halafu toka nje. Mimi ni fundi bomba, na kazi zangu nyingi ziko kwenye nyumba ambazo hata mwaka hazijamaliza tangu zikabidhiwe. Ninachoitiwa humo ni maji: hayatoki, yamerudi ndani, yamejaa chemba (kishimo cha kukagulia bomba la majitaka), yamepenya ukutani. Rangi mbaya utaipaka upya ukipata nafasi. Mteremko wa ardhi na bomba lililofukiwa chini ya marumaru ni habari nyingine. Kwa hiyo utaratibu ninaowapa watu wangu ni huu: fuata maji, tangu yanapoanguka mpaka yanapoishia, ndipo ukae mezani kuzungumza bei.

Ardhi uione mvua ikinyesha

Ukiweza, nenda kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamekolea. Siku ya jua haitakuonyesha kitu. Nenda mvua ikinyesha, au ikiwa imekatika muda si mrefu, usimame kwenye barabara ya ndani ya mradi utazame maji yanaelekea wapi. Ufuate mtaro mpaka mwisho wake. Nimeona mitaro iliyojengwa kwa mawe, mizuri kabisa, inapita mbele ya nyumba zote halafu inaishia kwenye uzio. Maji ya mradi mzima yanamwagikia nyumba ya mwisho, na mara nyingi hiyo ndiyo nyumba utakayoambiwa imepunguzwa bei. Kwenye miinuko ya Madale na Goba angalia pia kuta za kuzuia udongo. Ukuta wa namna hiyo lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Usipokuwa nayo, maji yanajaa nyuma yake na kuusukuma. Ukiona umeanza kutoa tumbo, nyumba iliyo chini yake achana nayo.

Kama huna nafasi ya kusubiri masika, soma alama zilizobaki. Tafuta mstari wa tope au rangi iliyopauka kwa usawa mmoja kwenye uzio, kwenye nguzo za umeme, kwenye mashina ya miti. Kisha waulize watu wasiokula kamisheni: mwenye genge, vijana wa bodaboda kijiweni, mlinzi wa zamu ya usiku. Ukiuliza, "Huku kuna mafuriko?", utajibiwa hapana, maana hapo ni kwao na hakuna anayependa kwao kusemwe vibaya. Uliza hivi: "Zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na zile za Aprili 2024, mlikuwa mnapita wapi kutokea barabarani?" Hapo utasikia habari yote, na njia utaonyeshwa kwa kidole.

Mradi ukipakana na mto, bonde au bahari, pima kwa hatua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo usiinunue hata ikiwa imekamilika mpaka pazia.

Maji ya matumizi yanatoka wapi

Kipeperushi kitaandika "maji yapo". Wewe uliza ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima cha mradi, maana hizo ni hadithi mbili.

Kama ni ya DAWASA, uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, na umuulize jirani aliyekwisha kuhamia, asiwe ofisa mauzo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inategemea Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ulipopungua mwaka 2022, jiji liliingia kwenye mgao, na waliokuwa na tanki la maana ndio waliopumua. Piga hesabu yako mwenyewe: familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inamaliza lita 500. Tanki la lita 1,000 litakufikisha siku 2. Nyumba nyingi za mradi zinawekewa tanki dogo kwa sababu linaonekana vizuri juu ya mnara mwembamba. Uliza kama mnara huo unabeba tanki la lita 3,000, na jibu liwe la mhandisi, kwa maandishi.

Kama ni ya kisima, onja. Pwani yetu ina chumvi, na kisima kikivutwa kupita kiasi kinaweza kuvuta maji ya bahari. Nenda na kipande cha sabuni unawe mikono. Povu likigoma, umepata jibu. Tazama ndani ya birika la mtu aliyekwisha kuhamia, uone ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo yanakula koki, yanaziba kichwa cha bomba la mvua (shawa) na kuua hita. Omba nakala ya majibu ya maabara. Halafu uliza jambo ambalo wanunuzi hulisahau: pampu ya kisima inatumia LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya nani, na ikiungua nani anainunua? Nimewahi kuitwa kwenye mradi ambao pampu imekufa na wenye nyumba wako uani wanabishana nani alipe, wakati watoto wanasubiri kuoga waende shule.

Ndani ya nyumba

Usiende peke yako. Nenda na mtu atakayepika na kufua humo. Ataona mambo ambayo mimi na wewe hatuyaoni: sinki la nje halina pa kumwagia maji, kamba ya kuanikia haina upande wa jua, jiko la mkaa halina pa kukaa siku umeme ukikatika na gesi ikiwa imeisha. Bebeni ndoo, tochi, sarafu, gololi na chaja ya simu. Kama una fundi unayemwamini, aje na pimamaji na timazi, vya kupimia usawa na wima.

Anza bafuni. Mwaga ndoo nzima sakafuni mbali na tundu, usubiri dakika 10. Maji yote yanatakiwa yawe yamejipeleka kwenye tundu. Yakibaki kidimbwi kwenye kona au yakitambaa kuelekea mlangoni, sakafu ilikosewa mteremko, na dawa yake ni kubomoa marumaru. Kabla hujatoka, nenda chumba cha pili ukamulike sehemu ya chini ya ukuta unaopakana na bafu. Rangi iliyovimba au chumvichumvi nyeupe maana yake unyevu umeshaingia. Rangi iliyopakwa jana kwenye sehemu hiyo tu nayo ni ushahidi.

Sasa fungua bomba la mvua, koki ya jikoni na maji ya chooni kwa pamoja. Bomba la mvua likibaki na matone, tatizo ni urefu wa tanki au wembamba wa mabomba. Tanki lililo mita 2 juu ya kichwa cha bomba la mvua linatoa msukumo wa takriban bar 0.2 tu, na hita nyingi za papo kwa papo hazitawaka vizuri kwa msukumo huo. Bila pampu ndogo utakuwa unaoga kwa kopo ndani ya bafu la kifahari.

Funga koki zote, uende kwenye mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja mahali msipopaona. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na sijui kwa nini watu hawakifanyi.

Harufu nayo ina kanuni yake. Nyumba mpya iliyokaa imefungwa inaweza kunuka kwa sababu maji ya kwenye mitego ya mabomba (vile vipinda vinavyoshika maji ili kuzuia harufu) yamekauka, na hilo si kosa la fundi. Mwaga maji kwenye kila tundu, funga milango, urudi baada ya nusu saa. Harufu ikiwa bado ipo, mtego haukuwekwa au bomba la kutolea hewa halipo.

Mengine nayapitia haraka. Gonga marumaru kwa sarafu, palipo na mlio wa uwazi saruji haikujaa. Weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Ingia darini na tochi utazame kenchi na misumari, na uulize geji ya bati: geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa ukiwa chini huwezi kuzitofautisha. Nyufa nyembamba za lipu zisikutishe. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kushuka hadi msingi ndio wa kumwitia mhandisi.

Yanakoishia

Hapa ndipo fundi bomba ananunulia nyumba, na ningependa na wewe ununulie hapa. Mitaa mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam haijafikiwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo kila tone unalomwaga linabaki kwenye kiwanja chako. Omba wakufungulie chemba zote. Mtu mmoja avute maji chooni, wewe simama kwenye chemba ya nje uangalie. Maji yanatakiwa yapite kwa kasi na kuondoka na uchafu wote. Yakisuasua, mabomba hayana mteremko. Tazama pia kama ndani kuna mabaki ya zege na mifuko ya saruji. Mafundi wa kumalizia wana tabia ya kuosha vyombo vyao humo.

Kisha uliza shimo la majitaka liko wapi na lina vyumba vingapi, na maji yanayotoka humo yananywewa wapi. Kwenye mchanga wa Kigamboni maji hunywewa upesi, lakini penye bonde maji ya ardhini yako karibu, na wakati wa masika shimo linajaa kutokea chini. Kwenye udongo wa mfinyanzi hunywewa kwa shida sana. Hesabu hatua kutoka kwenye shimo, lako na la jirani, mpaka kisima cha mradi: zisipungue mita 30. Na uhakikishe gari la kunyonya linafika. Nyumba za kushikamana zenye shimo nyuma na njia ya mtu mmoja pembeni ni mateso nisiyomwombea mtu.

Karatasi na pesa

Usilipe hata pesa ya kushikilia nafasi kabla wakili wako hajafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Wakili awe wako, asiwe wa mradi. Upekuzi utaonyesha hati ni ya nani, imebakiza muda gani, na kama eneo zima limewekwa rehani benki. Ikiwa ni ghorofa au nyumba za kushikamana, uliza kama utapata hati ya sehemu yako chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, na nani atasimamia kisima, mitaro, barabara na taa. Ada ya huduma iandikwe kwenye mkataba pamoja na kinacholipiwa. Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani yake, maana kwenye nyumba hiyo si pesa ndogo.

Mkataba utaje muda ambao mjenzi atarekebisha kasoro kwa gharama yake. Pigania miezi 12, kwa sababu miezi 6 inaweza kupita bila masika hata moja. Na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka orodha ya kasoro ifutwe yote. Orodha hiyo iandikeni pamoja siku ya makabidhiano, chumba kwa chumba, na picha, wote mtie saini. Siku hiyohiyo piga picha namba za mita ya maji na ya LUKU, uchukue mchoro wa mabomba na mashimo kama yalivyojengwa, uuhifadhi pamoja na hati.