Goti lililopasuliwa gegedu: lini ukanyage, na kwa uzito gani

Naandika mara moja, maana kila anayeleta baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, ananiuliza hilihili. Mimi ni fundi baiskeli, si daktari. Nilifanyiwa ule upasuaji wa kutoboa vitundu kwenye mfupa ili gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, liote. Maelekezo ya aliyekupasua ndiyo yanayotangulia.

1. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20. Mto ukae chini ya kisigino, si chini ya goti.

2. Chezesha kifundo cha mguu, kaza msuli wa paja, legeza. Kutwa nzima.

3. Magongo yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito uwe mikononi.

4. Kukanyaga. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliambiwa wiki sita niguse chini tu. Wiki ya nne maumivu yakaisha, nikaacha gongo moja nyumbani nikaenda kununua mihogo mtaa wa pili. Jioni goti lilikuwa kama dafu. Gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kutouma si ruhusa. Damu inayotoka kwenye vile vitundu huganda, na lile bonge ndilo linalogeuka kiraka; ukilielemea likiwa bichi unalibandua. Baadaye nikamwita kijana anayepita na mzani wa kupima watu, nikaukanyaga kwa mguu mbaya huku nimeshika magongo. Niliamini nagusa tu: sindano ikasimama kilo 31! Nilikuwa nimeruhusiwa 10. Nikarudia mpaka mguu ukazijua kilo 10 zilivyo.

5. Ukiruhusiwa gongo moja, lishike upande wa mguu mzima, yaani usiopasuliwa.

Kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hospitali usiku huohuo.

MASWALI

Makorora: Kaka, niko wiki ya tatu, nikanyage?
— Namba 4 umeisoma? Ulifanyiwa nini?
Makorora: Goti tu.
— Goti tu! Aliyepunguzwa kipande cha meniskasi, kile kisahani cha gegedu kati ya mifupa ya goti, mara nyingi hukanyaga ndani ya siku chache. Aliyeshonwa meniskasi, au kutobolewa mfupa kama mimi, hungoja wiki kadhaa. Kaulize waliokupasua.

Raskazone: Shikamoo fundi. Kwa nini ngazi wanasema mguu mzima upande kwanza, mbovu ushuke kwanza?
— Marahaba mwanangu. Kupanda, mguu unaotangulia ndio unaouinua mwili. Kushuka, unaobaki juu ndio unaokunja goti na kubeba uzito wote. Kote kazi inabaki kwa mzima. Na ukiruhusiwa kuendesha, weka baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma hewani, kiti juu kabisa, uzungushe bila mzigo. Mimi nilianza kwa kurudisha pedali nyuma, duru nzima ilikuwa haipiti.

Pongwe: Na choo cha kuchuchumaa?
— Usithubutu. Kiti cha plastiki, kata tundu katikati. Swala pia niliswali kitini.
Pongwe: Changu kinateleza kwenye saruji.
— Kivishe miguu vipande vya tyubu kuukuu, ufunge kwa waya.
Pongwe: Tyubu ya 26 au 28?
— Yoyote. Pita uchukue, ninazo gunia zima.