Namna ya kupima mfumo wa serikali unaotabiri nani atakaa muda mrefu bila ajira

Serikali kadhaa duniani hazisubiri mtu amalize mwaka bila kazi ndipo zimtambue. Siku anapojiandikisha, mfumo wa kompyuta unasoma umri wake, elimu, kazi alizofanya na eneo anakoishi, kisha unampa alama ya uwezekano wa kukaa muda mrefu bila kazi. Marekani ilianza kwa sheria ya mwaka 1993 iliyoyataka majimbo yabashiri nani atamaliza mafao yake kabla ya kupata kazi. Australia ilifuata mwaka 1998 na Poland mwaka 2014. Mwongozo huu ni wa mchambuzi, mtafiti au mwandishi wa habari wa Dar es Salaam atakayeletewa mfumo wa namna hiyo na kuulizwa kama unafaa.

Usianze na asilimia ya usahihi, hata kama ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ripoti. Anza na kile kinachotabiriwa.

Nani anahesabiwa hana kazi, na mpaka lini

Dai sentensi moja iliyoandikwa, inayosema nani anaingia kwenye hesabu, siku zinaanza kuhesabiwa lini na zinakoma kwa tukio gani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, huhesabu ukosefu wa ajira wa muda mrefu kuanzia miezi 12. Takwimu za Marekani huanzia wiki 27. Mifumo miwili yenye mipaka hiyo tofauti huwezi kuilinganisha.

Kwa Dar es Salaam, ugumu mkubwa uko kwenye lile tukio la kukoma. Chukua mshonaji aliyepunguzwa kwenye kiwanda cha nguo Mabibo. Mwezi wa pili tangu apunguzwe anauza mitumba Karume siku tatu kwa wiki. Kwa kipimo cha ILO, saa moja ya kazi ya kipato ndani ya wiki inayoulizwa inatosha kumhesabu ana ajira. Tafsiri ya kitaifa inayotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni pana zaidi, na huwaingiza wenye vibarua vya kubahatisha kwenye kundi la wasio na ajira. Kwenye kumbukumbu za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mtu huyohuyo hana kazi kabisa, maana mchango wake umekatika. Mtu mmoja ana majibu tofauti kutegemea daftari unalofungua.

Modeli, yaani kanuni ya kompyuta inayojifunza kutokana na kumbukumbu za nyuma, ikifundishwa kwa michango peke yake itajifunza kutabiri nani hatarudi kwenye ajira rasmi. Hilo ni swali halali, lakini si lile lililoulizwa. Tena kosa lake haligawanyiki sawa: linawaangukia zaidi wanaohamia bodaboda, umama lishe na umachinga.

Kumbukumbu za malipo nazo hazitoshi. Fao la kukosa ajira la NSSF hulipwa kwa miezi isiyozidi sita. Malipo yakikoma maana yake fao limeisha. Kama kazi imepatikana au la, daftari la malipo halisemi. Dawa yake ni simu. Chagua kwa bahati nasibu watu 200 walioandikwa kuwa wametoka kwenye orodha, wapigie miezi 12 baada ya kujiandikisha na uwaulize wanafanya nini, saa ngapi kwa wiki na kwa kipato gani. Laini za simu hubadilishwa sana, kwa hiyo fomu ya kujiandikisha ichukue namba mbili za ndugu wa karibu. Wasiopatikana waripoti kando. Ukiwahesabu kama waliopata kazi, umeipendelea modeli bure.

Kigezo kilijulikana lini?

Pitia vigezo kimoja kimoja na uulize kama kilikuwa kinajulikana siku ya kujiandikisha. Kigezo kama "idadi ya mara alizoonana na ofisa ajira" hujazwa miezi baadaye, na anayekaa muda mrefu ndiye anayeonana mara nyingi. Kikiingia, modeli itang'ara kwenye majaribio na kuanguka ofisini. Omba data yenye tarehe ya kila ingizo. Bila tarehe hizo ukaguzi huu haufanyiki.

Majaribio yafuate kalenda. Modeli ifundishwe, kwa mfano, kwa walioandikishwa mwaka 2021 na 2022, kisha ijaribiwe kwa wa 2023 baada ya kila mmoja wao kutimiza miezi 12. Kuchanganya miaka yote na kugawa kwa bahati nasibu kunaficha jinsi soko la kazi linavyobadilika.

Hesabu zenyewe

Tuseme wamejiandikisha watu 1,000, na baada ya mwaka 200 bado hawana kazi. Programu ya mafunzo ina nafasi 250, hivyo modeli inachagua 250 wenye alama za juu. Kati yao, 120 kweli walikaa mwaka. 130 walipata kazi mapema. Waliobaki nje ni 750, na ndani yao 80 walikaa mwaka bila kuonekana.

Usahihi wa jumla ni 120 waliochaguliwa sawasawa na 670 walioachwa sawasawa, yaani asilimia 79. Sasa fikiria mfumo usiofanya chochote, unaosema kila mtu atapata kazi. Usahihi wake ni asilimia 80. Kwa kipimo hicho mfumo usiofanya kitu umeishinda modeli, ingawa haumsaidii hata mtu mmoja. Ndiyo maana asilimia ya usahihi haifai kuamua.

Toa namba tatu badala yake. Kati ya waliochaguliwa, wangapi walihitaji kweli? Ni 120 kwa 250, asilimia 48. Kati ya waliohitaji, wangapi walionekana? Ni 120 kwa 200, asilimia 60. Na bahati nasibu ingewapata wangapi kwa nafasi hizohizo 250? Ingewapata 50, hivyo modeli imeizidi mara 2.4. Mpaka wa alama uwekwe kwa idadi ya nafasi zilizopo; ule wa 0.5 unaotumiwa kwa mazoea hauna utakatifu wowote.

Halafu panga watu wote kwa alama, wagawe mafungu kumi ya 100, na ulinganishe wastani wa alama wa kila fungu na kilichotokea. Fungu lililopewa asilimia 40 likatoa 22, alama zimetiwa chumvi, hata kama mpangilio wa nani yuko juu ya nani ni mzuri.

Mwisho, ishindanishe na kanuni nyepesi, mfano umri pamoja na miezi aliyokaa bila kazi miaka mitatu iliyopita. Ikiizidi kanuni hiyo kwa watu wawili au watatu tu kati ya 1,000, gharama yake haina utetezi.

Nani anaumizwa na makosa

Rudia zile namba kwa wanawake na wanaume, kwa rika, kwa wenye ulemavu, kwa Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni. Angalia hasa waliohitaji wakaachwa. Ila jihadhari na makundi madogo: kundi lenye watu 20 waliokaa mwaka, wakaonekana 12, lina asilimia 60 yenye shaka ya takribani pointi 21 kila upande. Unganisha miaka miwili kabla ya kutoa hukumu.

Austria ilichapisha modeli yake mwaka 2018. Huko alama zilipima nafasi ya kupata kazi. Kuwa mwanamke kulipunguza alama, na majukumu ya kulea yalipunguza alama za wanawake pekee. Waliopewa nafasi chini ya asilimia 25 ya kupata kazi walipangiwa kundi lao, na wasiwasi wa wengi ulikuwa kwamba huduma ghali zingeelekezwa kwa wenye alama za kati. Hapa ndipo alama hugeuka kuwa madhara: uliza kundi la chini linapewa nini hasa, kwa maandishi.

Kutabiri si kusaidia

Anayetabiriwa kukaa muda mrefu si lazima ndiye atakayenufaika na mafunzo. Jimbo la Kentucky, Marekani, walilipima hili vizuri: watu wenye alama sawa, nafasi zikiwa hazitoshi, walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Walioitwa walipunguza muda wa mafao kwa takribani wiki 2.2, lakini sehemu kubwa ya punguzo ilitokea mapema, pale barua ya kuitwa ilipofika, kabla ya huduma yenyewe. Nafasi zikipungua Dar es Salaam, kura ya namna hiyo ni ya haki na inatoa ushahidi bila gharama ya ziada.

Kagua pia maofisa. Maofisa wa Poland waliruhusiwa kubadilisha uamuzi wa kompyuta, wakafanya hivyo kwa chini ya kesi 1 kati ya 100. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaukataa utaratibu wa kuwapanga watu kwa alama mwaka 2018. Kila badiliko liandikwe pamoja na sababu, na ofisa awe na dakika za kutosha kumsikiliza mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine pekee, basi mtafuta kazi aonyeshwe alama yake, vigezo vyake na dirisha la kukata rufaa.

Hesabu hizi zote zirudiwe kila robo mwaka, na mara moja kiwanda kikubwa kinapofungwa au kanuni za mafao zinapobadilika.