Presha: jaza daftari wakati unasubiri daktari bingwa

Mama ana rufaa ya kwenda kwa bingwa wa moyo, na tarehe aliyopewa iko miezi miwili mbele. Nesi alitufundisha hiki, nami nawapa: siku 7 kabla ya kliniki, pima presha nyumbani asubuhi kabla ya dawa, na tena jioni, kila mara vipimo 2 vikipishana dakika moja. Andika zote, hata zile mbaya. Kwanza kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Usiongee kabisa, mama akiitikia hodi ya jirani tu, namba inapanda. Kipimo kimoja cha hospitalini, umetoka kushuka kwenye daladala na una hofu, hudanganya. Ukurasa mzima unamwonyesha daktari kama dawa inashika hadi asubuhi. Mkanda ukibana mkono mnene, namba hutoka juu kuliko ukweli. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo huchanganya mashine. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au mdomo ukipinda, hasa namba zikifika 180/120, achana na daftari, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.